Mchungaji wa Kijiji: Maisha ya Wilhelm Löhe wa Neuendettelsau (1808–1872)

Msomaji aliyekwisha kusoma habari za wazee, wainjilisti na wachungaji walioujenga usharika wetu kwa miaka mia moja, huenda akajiuliza kwa nini kurasa hizi zimetengwa kwa ajili ya mchungaji wa kijiji cha Ujerumani, ambaye katika maisha yake hakukanyaga Afrika. Sababu yake ni hii. Kila tunapoadhimisha miaka ya usharika, swali moja hurudi: je, mahali padogo, mbali na miji na mbali na ofisi za wakubwa, panaweza kuwa na kazi gani katika Kanisa la Mungu? Maisha ya Wilhelm Löhe ni jibu mojawapo la swali hilo. Ni maisha ya mtu aliyepelekwa mahali asipopataka, akaomba kuondoka, asiondolewe, na mwisho akapafanya mahali hapo pajulikane katika mabara kadhaa.

Kijiji na nchi yake

Neuendettelsau kipo katika nchi ya Franken ya Kati, upande wa kaskazini wa jimbo la Bavaria, kama kilomita 35 kusini-magharibi mwa jiji la Nürnberg, na mashariki ya mji wa Ansbach. Kijiji kimekaa juu ya mwinuko, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, kati ya mabonde ya mito miwili midogo, Rezat ya Franken na Aurach. Chini yake ni mwamba wa mchanga, na kwa hiyo udongo wake si wa kumtajirisha mkulima. Panapolimika hupandwa nafaka na viazi, na pasipolimika husimama misitu ya misonobari. Majira ya baridi ni marefu, nayo theluji huyalaza mashamba.

Ingawa kijiji chenyewe kilikuwa kidogo, nchi iliyokizunguka ina historia ya kale. Karibu nacho, upande wa kaskazini, upo mji mdogo wa Heilsbronn, ambako watawa wa Kisistersiani walijenga monasteri yao mwaka 1132. Mwaka 1528 watawala wa Ansbach waliyapokea Matengenezo ya Kanisa, na tangu wakati huo watu wa nchi hiyo wakawa Walutheri. Vita vya Miaka Thelathini, vya mwaka 1618 hadi 1648, viliiangamiza Franken. Mashamba mengi yalibaki bila wenyewe, hata wakaja Walutheri waliofukuzwa Austria kwa sababu ya imani yao, wakayafufua. Baadaye nchi ya Ansbach ilitwaliwa na Prussia, na mwaka 1806 ikaingizwa katika Ufalme wa Bavaria. Hivyo wakulima wa Kilutheri wakajikuta chini ya mfalme Mkatoliki, ambaye kwa sheria za wakati ule alikuwa pia msimamizi mkuu wa Kanisa lao. Jambo hili lingemsumbua Löhe miaka mingi.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Johann Konrad Wilhelm Löhe alizaliwa tarehe 21 Februari 1808 katika mji wa Fürth, ulio jirani na Nürnberg. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, akafariki mwaka 1816, mtoto akiwa na umri wa miaka minane tu. Mama yake, mwanamke mcha Mungu na hodari wa kazi, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Alisoma sekondari Nürnberg, na mwaka 1826 akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen kusoma theolojia. Mwaka 1828 alikaa pia kwa muda katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Siku zile mimbari nyingi za Ujerumani zilitawaliwa na mafundisho yaliyoipima imani kwa akili ya mwanadamu peke yake. Watu walihubiriwa adabu njema na manufaa ya kazi, lakini habari za dhambi, msamaha na sakramenti zilitajwa kwa haya. Huko Erlangen Löhe aliguswa na mahubiri ya Christian Krafft, mchungaji wa Kanisa la Kireformati. Alipoendelea kusoma maandiko ya ungamo ya Kilutheri, aliona kwamba moto aliokuwa akiutafuta ulikuwa umewashwa zamani katika nyumba yake mwenyewe. Tangu hapo akawa Mlutheri kwa kusadiki, si kwa kuzaliwa tu.

Mhubiri asiyetulizwa mahali

Alibarikiwa kuwa mchungaji huko Ansbach mwaka 1831, akapelekwa kuwa msaidizi Kirchenlamitz, kaskazini-mashariki mwa Bavaria. Mahubiri yake yalivuta watu kutoka vijiji vya mbali. Wengine wakafurahi, wengine wakamshitaki kwamba anakusanya watu majumbani na kuwatia wazimu wa dini. Mwaka 1834 aliondolewa. Akahudumu kwa muda Nürnberg, katika Kanisa la Mtakatifu Egidius, na huko pia kanisa lilijaa, na wakubwa wa mji wakanung'unika kwa sababu hakuyaficha maovu yao. Baada ya hapo akahamishwa huku na huku katika sharika mbalimbali, kila mahali kwa muda mfupi.

Mwezi Agosti 1837 alikabidhiwa usharika wa Neuendettelsau. Inasimuliwa kwamba alipokipita kijiji hicho kwa mara ya kwanza, kabla hajajua kuwa kitakuwa chake, alisema hangependa hata kuzikwa mahali kama hapo. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kipawa chake cha kuhubiri kilimfaa mimbari ya jiji, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Katika miaka iliyofuata aliomba mara kadhaa kuhamia sharika za mijini, na kila mara maombi yake yalikataliwa. Reli ilikuwa ikianza kuunganisha miji ya Ujerumani, lakini katika maisha yake yote haikufika kijijini kwake.

Hapa ndipo panapompasa kila mtumishi kusimama na kutafakari. Löhe angeweza kuzihesabu siku zake kijijini kama siku za kifungo. Badala yake alianza na yale yaliyokuwa mbele yake: shule ya watoto, mafundisho ya Kipaimara, wagonjwa wa usharika, na ibada ya Jumapili. Aliirudisha liturujia katika utajiri wake wa kale. Aliwafundisha washarika wake kuja kwa mchungaji mmoja mmoja kwa maungamo kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, na Meza ile ikaandaliwa mara nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa desturi. Wakulima ambao hapo kwanza walimwogopa walizoea kuona kwamba mchungaji wao hakai kando ya kitanda cha mgonjwa kwa dakika mbili tu na kuondoka.

Nyumba yake haikukosa majonzi. Mwaka uleule wa 1837 alikuwa amemwoa Helene Andreae, binti aliyekuwa amempa mafundisho ya Kipaimara huko Nürnberg. Mwezi Novemba 1843 Helene alifariki, akiwa na umri wa miaka 24 tu, akamwachia mumewe watoto wanne wadogo. Löhe hakuoa tena. Wanaoyachunguza maisha yake huona kwamba kazi zake kubwa zaidi zilifuata baada ya kaburi hilo.

Fundi viatu na mfumaji

Miaka ile Wajerumani wengi walikuwa wakihamia Marekani kwa sababu ya umaskini. Mchungaji Friedrich Wyneken, aliyekuwa akiwahudumia huko, aliandika kwamba maelfu wanaishi porini bila mchungaji wala shule, na watoto wao hawabatizwi. Löhe aliposoma habari hizo aliandika wito katika gazeti la kanisa mwaka 1841. Waliojitokeza hawakuwa wasomi. Wa kwanza alikuwa Adam Ernst, fundi viatu, na wa pili Georg Burger, mfumaji wa nguo. Mchungaji wa kijiji akawaketisha nyumbani kwake na kuwafundisha, na mwaka 1842 wakasafiri kwenda Marekani. Hivyo ndivyo kazi ya umisheni ya Neuendettelsau ilivyoanza: haikuanza na halmashauri wala jengo, bali na meza ya mchungaji na mafundi wawili.

Baada yao walifuata wengi. Mwaka 1845 kundi la Wafranken wakiongozwa na Mchungaji August Crämer walianzisha kijiji cha Frankenmuth katika jimbo la Michigan. Nia ya Löhe ilikuwa kwamba usharika mzima uhamie huko, uishi karibu na Wachippewa, wenyeji wa nchi ile, ili wayaone maisha ya Kikristo na si kusikia maneno tu. Mwaka 1846 alisaidia kuanzisha seminari huko Fort Wayne, na wachungaji aliowatuma walikuwa miongoni mwa walioiunda Sinodi ya Missouri mwaka 1847.

Haifai kuandika sifa tupu. Ule mpango wa Michigan ulikuwa mzuri katika kitabu cha mchungaji, lakini wahamiaji walihitaji ardhi, na kadiri walivyoongezeka ndivyo wenyeji walivyosukumwa mbali. Misheni ya Leipzig, ileile iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, ilimtoa mmisionari Eduard Baierlein akafanye kazi kati ya Wachippewa tangu mwaka 1847, naye akajifunza lugha yao. Mwaka 1853 alihamishiwa India, na kazi ile haikudumu. Vijiji vya Wajerumani vikabaki, wale waliokusudiwa kuhubiriwa wakatawanyika. Sisi ambao nchi yetu pia ilipokea wamisionari na walowezi katika kizazi kimoja, tunaielewa habari hii bila kuelezwa sana.

Tena Löhe hakuwa mtu wa kukubali haraka. Alitofautiana na ndugu wa Missouri kuhusu chanzo cha huduma ya kichungaji. Wao walifundisha kwamba huduma hiyo hukabidhiwa na usharika wote wa waaminio, na yeye alishikilia kwamba ni agizo la Kristo linalopokezwa kwa kubarikiwa. Kiongozi wao, C. F. W. Walther, alisafiri pamoja na Wyneken hadi Neuendettelsau mwaka 1851 ili kutafuta mapatano. Walipendana, lakini hawakupatana. Mwaka 1853 uhusiano ulivunjika. Wachache waliobaki upande wa Löhe waliondoka Michigan wakaenda Iowa, na mwaka 1854 wakaanzisha Sinodi ya Iowa. Walikotoka waliacha nyumba na mashamba waliyokuwa wamekwisha kuyazoea. Nao wanafunzi kadhaa, ambao Löhe aliwalea kama wanawe, hawakurudi tena upande wake.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Tangu mwaka 1848 alidai kwamba Kanisa lisitawaliwe na mfalme, na kwamba ushirika wa Meza ya Bwana ulingane na ungamo la imani. Ilibaki kidogo tu atoke katika Kanisa la Bavaria, lakini mwaka 1852 mambo yalitulia, akabaki. Mwaka 1860 alikataa kumfungisha ndoa mtu aliyetalikiana kwa kosa lake mwenyewe, na wakubwa wa Kanisa wakamsimamisha kazi kwa wiki nane. Alivumilia, akarudi mimbarini.

Mabinti wa vijijini

Katika miaka hiyo ya mabishano ndipo lilipozaliwa jambo lililoliimarisha jina la Neuendettelsau kuliko vitabu vyote vya Löhe. Alikuwa ameona katika ziara zake kwamba wagonjwa wa vijijini hawana wauguzi, na kwamba watu wenye ulemavu wa akili hufichwa katika vyumba vya nyuma, wengine kama mifugo. Aliona pia kwamba mabinti wa wakulima wana akili na nguvu, lakini hakuna anayewafundisha. Akayaunganisha mahitaji hayo mawili.

Mwaka 1854 ilifunguliwa nyumba ya madiakonisa, yaani masista wa diakonia, na mwanzo wake ulikuwa katika vyumba vya nyumba ya wageni ya kijiji. Mabinti walifundishwa Maandiko, uuguzi, kuimba, kuandika na kazi za nyumbani. Mpango wa kwanza wa Löhe ulikuwa kwamba baada ya mafunzo warudi katika vijiji vyao na kuhudumu huko. Baadaye mpango ulibadilika, na masista wakaishi pamoja katika nyumba mama, kwa mfano wa ile iliyoanzishwa na Theodor Fliedner huko Kaiserswerth mwaka 1836. Hawakulipwa mshahara, bali nyumba iliwatunza hata uzeeni. Sista Amalie Rehm aliiongoza nyumba hiyo kwa miaka mingi, na ni haki kusema kwamba bila yeye na wenzake maono ya mchungaji yangebaki karatasini.

Kazi ikapanuka mwaka hadi mwaka: shule, hospitali, makao ya watu wenye ulemavu wa akili, nyumba ya wanawake waliopotoka na kutaka kuanza upya. Ilianzishwa karakana ya kushona mavazi ya madhabahuni, na masista wakaoka mkate wa Ushirika Mtakatifu. Kwa Löhe mambo haya hayakuwa mbalimbali. Mkono uliokunja kitambaa cha madhabahu asubuhi ndio uliomwosha mgonjwa mchana, na alifundisha kwamba njia ya madhabahuni na njia ya kitandani kwa maskini ni njia moja.

Mwisho wake, na yaliyofuata

Katika miaka yake ya mwisho afya yake ilidhoofika. Alifariki tarehe 2 Januari 1872, akiwa na umri wa miaka 63, baada ya kuutumikia usharika mmoja kwa zaidi ya miaka 34. Alizikwa katika makaburi ya Neuendettelsau, pale pale ambapo kijana yule msafiri hakutaka hata kuzikwa.

Baada yake kazi haikufa. Mwaka 1886 Johann Flierl, aliyesomeshwa katika chuo cha misheni cha kijiji hicho, alifika New Guinea, akawa mwanzilishi wa kazi ambayo leo ni Kanisa kubwa la Kilutheri la Papua New Guinea. Mwaka 1947 ilifunguliwa Augustana, chuo cha theolojia cha Kanisa la Bavaria. Taasisi ya diakonia iliungana na ile ya Schwäbisch Hall mwaka 2019 na kuitwa Diakoneo, ikiwa na watumishi takriban 10,000. Kijiji cha wakulima wachache kimekuwa mji mdogo wa watu karibu 8,000.

Lakini kuna ukurasa ambao hauruki mtu mwaminifu. Katika miaka ya 1940 na 1941, serikali ya Hitler iliamuru watu wenye ulemavu waondolewe katika makao yao. Kutoka Neuendettelsau na matawi yake waliondolewa zaidi ya 1,200, na walio wengi waliuawa. Walikuwa ndio wale wale ambao Löhe aliwatoa vyumba vya nyuma. Baadhi ya masista walilia na kujaribu kuwaficha wachache, lakini viongozi wa taasisi hawakusimama njiani kama ilivyopasa. Kanisa la huko limekiri jambo hili na kuwakumbuka waliouawa. Tunajifunza kwamba urithi mwema haujilindi wenyewe. Kila kizazi hupewa walio wadogo mkononi mwake upya, na kila kizazi hutoa hesabu yake.

Neuendettelsau na sisi

Uhusiano wa nchi ile na Kanisa letu ni wa kweli. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumika Old Moshi na kuandika sana juu ya Wachagga, alimalizia siku zake Ehingen, kijiji cha Franken ya Kati katika wilaya ileile ya Ansbach, akafariki huko mwaka 1966. Nacho kituo cha Mission EineWelt, kilichoundwa mwaka 2007 ili kuushughulikia ushirikiano wa Kanisa la Bavaria na makanisa rafiki, likiwemo KKKT, kimewekwa Neuendettelsau. Barua inayotoka dayosisi zetu kwenda Bavaria huishia katika kijiji ambacho Löhe aliomba kuondoka.

Basi usharika wetu unapovuka miaka mia moja, na tuyatazame maisha haya kwa macho mawili. Wachungaji na wainjilisti vijana, ambao wengi wao hutamani sharika za mjini zenye magari na sadaka nono, wakumbuke kwamba Kanisa linaweza kumkatalia mtu ombi lake, na Mungu akampa kazi katika kukataliwa huko. Nasi wazee na washarika wote tujiulize ni nani katika mitaa yetu amefichwa bado katika chumba cha nyuma: mtoto asiyesema, mzee asiyetembelewa, binti mwenye akili asiye na ada. Löhe hakuanza na fedha. Alianza na fundi viatu, mfumaji, na mabinti wa wakulima. Watu wa namna hiyo hawajapungua katika usharika wetu. Kinachotakiwa ni macho ya kuwaona, na mchungaji aliye tayari kuwatengea nafasi mezani pake.

Bwana wa Kanisa atujalie hayo katika miaka mia mingine. Amina.